Grisi nyeusi nyuma ya tairi: imetoka wapi?

Umeinama kucheki upepo, jicho likapita nyuma ya rimu, ukakuta kumetapakaa uchafu mweusi unaonata kama lami. Usiufute. Wala gari usilipeleke kuoshwa kabla halijaangaliwa. Wateja wengi huniletea gari linang'aa mpaka chini ya injini, kwa nia njema tu, ili fundi asichafuke mikono; kumbe wameosha ushahidi. Grisi inayorushwa na kitu kinachozunguka huacha mchirizi, na mchirizi huo ukiusoma vizuri unajua ni raba ipi imeachia kabla hujashika spana.

Hapa nazungumzia hasa magari madogo yanayovutwa na matairi ya mbele: IST, Vitz, Passo, Premio, Note, Fit na wenzao. Hiace na Land Cruiser nitazigusa mwishoni, maana hizo huvuja kwa tabia nyingine.

Kila tairi la mbele huzungushwa na shafti yake, na kila shafti ina jointi mbili. Ya nje, ile iliyoingia kwenye habu (kitovu kinachofungwa rimu), ndiyo wengi wanayoiita sivii jointi: ndani yake kwa kawaida mna gololi sita zinazotembea kwenye mifereji, ndiyo maana tairi linaweza kukunjwa hadi mwisho wa usukani huku likiendelea kuvutwa. Ya ndani, upande wa giaboksi, kwenye magari mengi ina roli tatu zinazoteleza mbele na nyuma kadiri shokapu inavyopanda na kushuka. Kila jointi imevikwa buti ya mpira yenye mikunjo, imebanwa kwa klempu mbili, kubwa na ndogo. Ndani ya buti kuna grisi maalumu nyeusi, kwa gari dogo huwa kama gramu 80 hadi 120 kwa jointi moja. Hakuna nipeli ya kuongezea. Hicho kilichofungiwa humo ndicho cha maisha yake yote, kikitoka kimetoka.

Buti ziko nne kwa hiyo, na kazi yako ya kwanza ni kujua ni ipi. Lakini hata kabla ya hapo kuna swali moja.

Je, hiyo ni grisi kweli?

Chukua kidogo kwa kidole, paka kwenye karatasi nyeupe. Grisi ya sivii ni nzito, nyeusi au kijivu cha risasi, haisambai kwenye karatasi, na haidondoki chini kama tone. Huganda pale iliporushiwa. Ukikuta tone sakafuni asubuhi, mtuhumiwa ni mwingine.

Mafuta mekundu na mepesi yanayolowesha karatasi ni ya giaboksi ya otomatiki, yale tunayoyaita haidroliki. Kwenye gari lenye stelingi ya mafuta, mekundu hayohayo yanaweza kutoka kwenye raba za stelingi reki, kwa hiyo angalia pia kopo lake kama limepungua. Mafuta ya kahawia yenye harufu kali kama ya kiberiti ni ya difu, yale magia yanayogawa mzunguko kwa tairi la kushoto na la kulia. Shokapu iliyokufa hulowa yenyewe kuanzia juu kushuka, ikavaa koti la vumbi, na rimu kwa kawaida inabaki safi. Kama kilichopo ni chepesi, hakina weusi, na kimelowesha upande wa ndani wa tairi kuanzia kwenye kaliperi, shuku mafuta ya breki. Hapo usiendelee kusoma wala kuendesha. Kanyaga breki ukiwa umesimama uone kama pedali inazama, kisha muite fundi aje ulipo.

Ikiwa ni grisi, endelea.

Kuusoma mchirizi

Kunja usukani hadi mwisho upande wa tairi unalotaka kukagua, zima injini, vuta hendibreki, na uchungulie kwa tochi ya simu. Huhitaji hata jeki. Ukiamua kunyanyua gari, weka stendi au gogo imara. Jeki peke yake haimlindi mtu aliyeingiza kichwa chini.

Buti ya nje ikipasuka hurusha grisi kwa mduara. Utaikuta kwenye ukuta wa ndani wa rimu, kwenye mguu wa shokapu, kwenye hosi ya breki, na juu ya mkono wa chini karibu na boli jointi. Vyote viko kwenye mstari mmoja, sawasawa na pale buti ilipopasukia. Ukikuta shokapu imechafuka kwa kimo kilekile cha shafti na juu yake ni pakavu, jibu umeshalipata.

Buti ya ndani ni msiri zaidi. Tairi na rimu hubaki safi kabisa, grisi inajificha kwenye tumbo la giaboksi, kwenye fremu inayobeba injini, na kwenye bomba la ekzosi. Mara nyingi mwenye gari hugundua kwa pua: baada ya safari, akisimama kwenye foleni, anasikia harufu ya kitu kinachoungua, na pengine moshi mwembamba unatoka chini ya boneti. Subaru zinajulikana kwa hili, kwa sababu buti ya ndani ya mbele inakaa jirani na bomba la moto. Watu wameshafungua vifuniko vya valvu wakitafuta oili inayovuja, kumbe ni grisi inayokaangwa.

Mpasuko wenyewe hauko juu ya mkunjo, uko bondeni. Tairi likiwa limenyooka mabonde hujifunga na buti inaonekana nzima. Ndiyo sababu nasema kunja usukani, halafu panua kila bonde kwa kidole gumba, ukizungusha tairi kidogo kidogo mpaka mzunguko uishe (hapa ndipo utahitaji kulinyanyua, juu ya stendi). Mistari myembamba kama nyufa za kisigino inamaanisha raba imekauka na siku zake zinahesabika, ingawa bado haijatoa kitu.

Kama mikunjo yote ni mizima lakini kuna grisi, tazama kwenye klempu. Grisi iliyotoka kwenye klempu ndogo hutambaa juu ya shafti kama pete nyeusi. Iliyotoka kwenye klempu kubwa huanza kwenye ukingo wa kombe la jointi. Huo ni uvujaji wa kufunga vibaya au klempu kulegea, na ni habari njema, kwa sababu raba haijatobolewa na mchanga huenda haujaingia.

Unyevu pale shafti inapoingia giaboksi

Hapa watu huchanganya sana. Mteja anaambiwa "shafti inavuja", anakwenda kununua shafti, anafunga, na mafuta yanaendelea kutoka. Shafti haina mafuta ya kuvuja zaidi ya ile grisi. Kinachotoka pale ni mafuta ya giaboksi kupitia oili sili, ile pete ya raba inayozuia mafuta pale shafti inapoingia.

Futa mahali pale pakauke, endesha kilomita chache, rudi uangalie. Ikilowa upya kuzunguka shingo ya shafti, sili imechoka. Kabla ya kuibadilisha ishike shafti karibu na giaboksi uitikise juu na chini. Mchezo kidogo ni kawaida. Ikipanda na kushuka sana, kuna bushi au beringi iliyokwisha mle ndani, na sili mpya itakufa mapema kama ya zamani. Kitu kingine cha kutazama ukishaichomoa shafti ni pale mdomo wa sili unapokaa: pitisha ukucha. Ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitakuwa na pa kukaa.

Sili nyingi pia huuawa na sisi mafundi. Shafti ikichomolewa au kuingizwa ikiwa inaning'inia, meno yake hukwangua mdomo wa sili. Gari lililotoka kubadilishwa buti juzi na leo linadondosha mekundu, usitafute mbali.

Sikio linasema jointi ikoje

Jicho linakuambia habari za buti. Kuhusu jointi yenyewe, inabidi usikilize.

Nenda uwanja ulio wazi, shusha vioo, zima redio, kunja usukani hadi mwisho na uzunguke polepole, kisha ongeza mafuta kidogo. Ka-ka-ka-ka inayokwenda kwa mwendo wa tairi ni sivii ya nje iliyolika. Mara nyingi inayolia ni ya upande wa nje wa kona: ukikata kushoto, ya kulia. Si sheria ya kuapia, kwa hiyo rudia upande wa pili, halafu rudia kwa rivasi. Jointi ambayo ndiyo kwanza inaanza kulika wakati mwingine hukaa kimya ikienda mbele na kusema ikirudi nyuma.

Jointi ya ndani hailii hivyo. Dalili yake ni gari kutetemeka unapokanyaga mafuta, hasa kwenye mlima au ukiwa umebeba watu, na mtetemo unakatika papo hapo ukiachia pedali. Hicho kipengele cha mwisho ndicho cha kushika. Tairi lisilo na balansi hutetemeka kwa spidi fulani hata ukiachia mafuta. Beringi ya habu huvuma na kuzidi kadiri spidi inavyopanda. Jointi ya ndani inataka mzigo. Mlio mmoja wa "ko" unapotoa D kwenda R nao unaweza kuwa wa jointi ya ndani, lakini injini maunti (raba inayobeba injini) iliyopasuka hufanya vilevile na hutokea sana, kwa hiyo anza kuiangalia hiyo.

Buti imepasuka na jointi iko kimya: una bahati, kimbilia kubadilisha buti. Buti imepasuka na jointi inalia: buti mpya haitairudisha. Unaweza kuendelea nayo kwa muda ikilia, wengi hufanya hivyo, ila ujue inaishia wapi. Siku ikikatika gari haliendi, injini inanguruma tu. Na jambo ambalo wengi hawalijui: shafti moja ikikatika, hata P haishiki gari tena, kwa sababu giaboksi inazuia difu na difu inapitisha mzunguko kwenye upande uliokatika. Ukiwa mlimani, hendibreki kwanza, halafu jiwe kwenye tairi.

Kwa nini ilipasuka?

Umri ni sababu ya kwanza. Gari limekaa miaka mingi Japani, likaja huku likaanikwa juani, raba inakauka. Mawe na miiba husaidia, matope yaliyogandamana kwenye mikunjo pia, na oili ya injini inayodondokea buti huilainisha mpaka inavimba.

Sababu ninayokutana nayo zaidi miaka hii ni speisa. Mtu ananunua IST, anaona iko chini kwa barabara za mtaani kwake, anawekewa vipande vya kunyanyulia juu ya shokapu. Gari linapendeza, halikwaruzi tumbo. Lakini giaboksi imepanda na habu imebaki chini, kwa hiyo shafti sasa inainama muda wote, hata ukienda moja kwa moja. Mikunjo ya upande mmoja inabanana na kusuguana, ya upande wa pili inanyooshwa. Buti mpya ya hali hiyo huanza kulika kwenye migongo ya mikunjo, si mabondeni. Ukiona migongo imekwanguka kama imepigwa msasa, usilaumu buti. Punguza speisa, au kubali kwamba utakuwa mteja wa kudumu wa raba hizo.

Ukishaifungua

Ukimenya buti, kabla ya kufuta chochote, chota grisi usugue kati ya vidole viwili karibu na sikio. Grisi nzima ni laini kama siagi. Ikikwaruza, mchanga umeingia. Ikiwa imegeuka rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na chembe zinazometa juani, hicho ni chuma cha jointi yako.

Kisha ioshe jointi kwa dizeli au mafuta ya taa mpaka gololi zote zionekane, ikaushe kabisa, uinamishe upande mmoja baada ya mwingine na uangalie kila mfereji. Alama ya kung'aa pale gololi inapopita ni ya kawaida. Shimo dogo, hata la ukubwa wa kichwa cha pini, au chuma kilichobanduka kama gamba, maana yake jointi imekwisha. Ukiifungia buti mpya unazika maiti kwa sanda nzuri. Mchezo nao hupimwa hapohapo: shika shafti kwa mkono mmoja, kombe kwa mwingine, zungusha huku na huku. Ya nje ikitoa "tik tik" ya wazi, imelika.

Kufunga tena ndiko kunakozaa uvujaji wa mara ya pili, kwa hiyo nitasema mambo machache kwa uchungu.

Tumia grisi inayokuja na pakiti ya buti, yote, nusu ndani ya jointi na nusu ndani ya buti. Grisi ya kawaida ya kupigia nipeli haikutengenezwa kwa kazi hii; nyingi hulegea kwa joto na kutafuta njia kwenye klempu. Ukizidisha nayo, presha inaisukuma ipitie klempu ndogo. Grisi ya zamani isichanganywe na mpya.

Klempu ni klempu. Waya wa kufungia nondo hukata raba, zipu ya plastiki hulegea, na kipande cha tyubu kilichozungushwa kama bandeji kinakufikisha nyumbani tu. Kabla ya kubana klempu ndogo, ingiza bisibisi nyembamba chini ya mdomo wa buti upumue hewa. Ukifungia hewa, buti inavimba au inafyonzwa ndani, na mkunjo mmoja utapigwa na shafti mpaka utoboke. Hakikisha pia haijajisokota: mikunjo iwe imenyooka kama pete, isiwe kama kamba.

Nilishawahi kubadilisha buti ya nje ya Vitz moja mara mbili ndani ya mwezi mmoja, mara zote inapasuka palepale karibu na shingo. Nikamlaumu muuzaji, nikabadilisha aina. Mara ya tatu ndipo nilipochukua mswaki wa waya nikasafisha kutu kwenye shafti, nikauona mfereji wa kukalia mdomo wa buti. Nilikuwa nimeufunga mdomo nusu inchi pembeni ya mfereji huo, juu ya kutu. Kila usukani ulipokunjwa buti ilikuwa inavutwa kupita urefu wake. Ile ya tatu ilidumu. Pesa ya mbili za mwanzo nilimrudishia mama yule.

Kuhusu buti za kupasuliwa, zile zinazovikwa bila kufungua habu na kuunganishwa kwa gundi: kwa dharura sawa. Uso wa gundi lazima uwe mkavu usio na hata alama ya mafuta, na chini ya gari lililojaa grisi jambo hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Ukiamua kununua shafti nzima iliyotumika, iwe Gerezani kule Dar au Kirinyaga Road kule Nairobi, nenda na ya zamani mkononi. Hesabu meno ya pande zote mbili, linganisha urefu, na kama gari lako lina ABS (breki zisizofunga tairi) angalia kama pete ya meno ya sensa ipo kwenye jointi ya nje na ina idadi ileile. Kisha ikunje kila jointi uchunguze mabonde ya buti, kwa sababu shafti hiyo ina umri wa gari lako au zaidi. Nati ya habu, ile ya kugongwa mdomo, iwe mpya, na ibanwe kwa spana ya kupimia. Kwa Toyota ndogo nyingi huzidi 200 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). "Nimebana kwa nguvu zote" si kipimo, na ikilegea inaua beringi.

Hiace na Land Cruiser

Hiace na pikapu zenye ekseli nzima nyuma (bomba moja la chuma kutoka tairi hadi tairi) hazina buti huko. Ukikuta mafuta yanatiririka ndani ya rimu ya nyuma na breki za tairi hilo hazishiki au zinavuta upande mmoja, mafuta ya difu yamepita sili ya ekseli yakaingia kwenye dramu. Breki shuu zilizolowa huwa hazifai tena, hata zikioshwa kwa petroli. Ila kabla ya kununua sili, tafuta kipumuo cha difu, kile kikofia kidogo juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope, difu likipata joto presha haina pa kutokea ila kwenye sili, na utabadilisha sili kila baada ya miezi michache bila kujua kwa nini.

Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele, kama zile za safari za mbugani, zina tufe la chuma linalong'aa nyuma ya tairi, na jointi imo ndani yake ikiogelea kwenye grisi. Utando mwembamba wa grisi juu ya tufe hilo si ugonjwa. Kuna raba inayolifuta kila usukani unapokunjwa. Ugonjwa ni pale kinachotoka kinapokuwa chepesi, cheusi, na kinadondoka. Hapo sili ya ndani ya ekseli imekufa, mafuta ya difu yameingia kwenye grisi na kuifanya uji. Kubadilisha raba ya nje peke yake ni kupoteza siku. Na pima mafuta ya difu la mbele kabla hujasogeza gari, kwa sababu yale yaliyo sakafuni yametoka huko.

Ukishamaliza kazi yoyote kati ya hizi, safisha kila mahali palipokuwa na grisi, hasa rimu na shokapu, halafu rudi kuangalia baada ya siku mbili tatu. Pete nyembamba ya grisi kando ya klempu mpya ni ile iliyopakwa wakati wa kufunga, ifute. Ikirudi, fungua klempu hiyo uangalie mdomo wa buti umekalia wapi.